Mhina: rangi imo ndani ya jani

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu mhina ni hili: mbona hina yangu haikolei?

Rangi yenyewe, wanakemia huiita lawsoni, haiko tayari katika jani bichi. Imefungamana na sukari. Majani yakisagwa, yakachanganywa na kitu chenye uchachu kama maji ya ndimu na rojo likaachwa saa kadhaa, kifungo hicho hukatika na rangi ikatoka. Ikifika kwenye ngozi hushikana na keratini, ile protini ngumu ya ngozi, ndiyo maana viganja na nyayo, penye ngozi nene, hukolea kuliko mgongo wa mkono. Ukibandua utaona rangi ya chungwa. Vumilia siku moja au mbili, itaiva yenyewe.

Kwa hiyo hina halisi haiwi nyeusi kwa nusu saa. Piko, ile inayopakwa haraka ikawa nyeusi tii, mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Nimeona mikono ya mabibi harusi ikiwa na malengelenge kwa sababu yake, na inaniuma. Mzio huo ukishaingia mwilini huweza kudumu maisha yote.

Kwa dawa, wazee wa Pwani hupaka rojo la majani katikati ya vidole vya miguu vilivyoliwa na fangasi, na kwenye nyayo zinazowaka moto. Maabara zimeonyesha kwamba maji ya majani hayo huzuia baadhi ya fangasi na bakteria, basi wazee hawakubahatisha. Kuinywa nakataza. Na mtoto mchanga asipakwe kabisa, hata kidogo cha kumpendezesha: lawsoni hupenya ngozi, na mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea katika sehemu zenye malaria kama kwetu, chembe zake nyekundu za damu huweza kupasuka.

Kuupanda si kazi ngumu. Lawsonia inermis ni jamaa wa mkomamanga, kichaka chenye majani mwaka mzima, kinachoweza kufika mita 6 usipokipogoa. (Inermis ni Kilatini, "asiye na silaha", lakini matawi yakizeeka huota miiba, kwa hiyo vaa glavu.) Mbegu ni ndogo na ngumu: ziloweke siku kadhaa ukibadilisha maji kila siku. Mimi napendelea vipandikizi vya matawi. Upe jua kali na udongo usiotuamisha maji. Joto ndilo linaloupa rangi, baridi huudumaza.

Anza kuchuma mwaka wa pili au wa tatu, majani machanga kwanza, kwani ndiyo yenye rangi nyingi. Yaanike kivulini, uyaweke makavu mahali pasipo mwanga, na usage yale tu utakayotumia, maana unga ukikaa wazi hupoteza nguvu.