Mwacheni avae mwenyewe: nguo, kiti mwendo na jeraha la uti wa mgongo

Kila Septemba 5, Siku ya Kimataifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, tunaongea sana kuhusu bodaboda na watu kudondoka kwenye minazi na miembe, na tuendelee kuongea, ila mwaka huu nimeomba niongelee nguo. Maana malalamiko yanayozidi pale kliniki yetu ya utengamao yanatoka kwa ndugu: "Daktari, tangu tumtoe hospitali hata suruali hawezi kuvaa." Nikiuliza anavalishwa na nani naambiwa mama, au mke, au mdogo wake. Nikiuliza ameshawahi kuachwa ajaribu, watu wanaangaliana.

Najua mnafanya kwa upendo, na asubuhi kuna watoto wa kupeleka shule na maji ya kuchota, kumvalisha ni dakika tano mmemaliza. Lakini mtu aliyeumia usawa wa kifua au kiuno ana mikono mizima, na wengi wao wakifundishwa wanavaa kuanzia chupi mpaka viatu bila kushikwa. Umemvalisha miezi sita, siku ukienda msibani anabaki na shuka mpaka jioni.

Sasa utaratibu. Nguo za chini zinavaliwa kitandani, maana kwenye kiti unakalia nguo hiyo hiyo unayotaka kuivuta. Mwenye mpira na mfuko wa mkojo, mwaga mkojo kwanza mfuko uwe mtupu, kisha mfuko utangulie kupita kwenye mguu wa suruali, na muda wote ubaki chini ya usawa wa kibofu, ukiuinua mkojo unarudi ndani na hapo unakaribisha maambukizi. Kaa miguu imenyooka, mgongo kwenye ukuta au mto. Pitisha mkono chini ya goti, vuta, kisigino kije juu ya paja la pili, vaa soksi na mguu wa suruali hapo hapo, anza na mguu ulio mgumu zaidi, shusha, hamia wa pili. Suruali ikifika mapajani lala chali, geukia kushoto uvute upande wa kulia, geukia kulia uvute wa kushoto, rudia mpaka ifike kiunoni. Mwisho pitisha kiganja chini ya mapaja na makalio ulainishe mikunjo yote, hii hatua watu wanairuka na ndiyo inatuletea wagonjwa. Shati utavaa ukishakaa kwenye kiti, halina shida.

Mguu ukikakamaa au ukianza kurukaruka katikati ya kazi usiugandamize, wala mtu asiukalie. Hiyo ni spazimu, misuli inajikaza yenyewe bila mtu kutaka. Kunja goti taratibu, subiri utulie, endelea. Na siyo dalili kwamba mguu unataka kutembea, hili tumelieleza mara nyingi sana jamani na bado nalisikia kila wiki.

Kuna kijana wa boda tulimfundisha akiwa bado wodini. Siku ya kwanza alitumia dakika 52 kwa suruali moja ya traki, nilikuwa na saa mkononi. Mama yake amesimama mlangoni, ncha ya kanga ameing'ata, mara tatu alipiga hatua aje kusaidia na mara tatu nikamwambia mama, mwache kwanza. Kuna mahali pindo lilinasa kwenye kidole gumba cha mguu, yeye hahisi, anavuta haiendi, anavuta tena, jasho linamtoka. Akainama akaangalia, akakichomoa kidole, akakaa kimya kidogo, akaendelea. Wiki ya tatu ilikuwa dakika 20. Ningemruhusu mama asogee, kile kidole angekichomoa mama mpaka leo.

Walioumia shingo habari yao ni tofauti kidogo, na hapa naomba mnisikilize. Aliyeumia pingili ya sita ya shingo mara nyingi vidole havifanyi kazi ila kifundo cha mkono anaweza kukiinua, na akikiinua vidole vinajikunja vyenyewe, vinashika. Kwa mshiko huo mdogo anavuta shati, na tukimwekea vitanzi kwenye kiuno cha suruali anaingiza kidole gumba anavuta pia, ingawa wengi bado watahitaji msaada kwa nguo za chini. Sasa mtu anapelekwa kwa mchuaji, vidole vinanyooshwa kwa nguvu na mafuta ya moto huku kifundo kimeinuliwa, kano zinalegea, ule mshiko unaondoka. Msinyooshe vidole hivyo. Mnamnyang'anya mkono uliobaki na sisi hatuna namna nyepesi ya kuurudisha.

Nguo yenyewe. Jinsi yenye mifuko ya nyuma, vifungo vya chuma na mishono minene usikalie. Simu, funguo, sarafu, hata noti zilizokunjwa, visiwe mfuko wa nyuma. Nguo iliyotoka kwenye pasi ya mkaa iache ipoe kabisa, ngozi isiyohisi inaungua bila wewe kujua. Viatu vipite saizi yako kwa namba moja kwa sababu miguu ya kukaa inavimba, ingiza mkono ndani uhakikishe hakuna jiwe, na ukishavaa angalia vidole havijajikunja.

Kabla ya kuvaa asubuhi na baada ya kuvua usiku unakagua ngozi kwa kioo: mkiani, makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu. Vipeperushi vingi vinasema tafuta wekundu. Ngozi yetu nyeusi mara nyingi haionyeshi wekundu, inazidi weusi au inakuwa ya zambarau, kwa hiyo gusa, sikilizia joto, ugumu au uvimbe tofauti na sehemu ya jirani. Alama ikikaa zaidi ya nusu saa tangu uliponyanyuka, usiikalie tena mpaka iishe kabisa, na ile nguo usiirudie mpaka ujue ilibana wapi. Ukipuuza adhabu yake ni hii: ngozi inafunguka, unalala kifudifudi wiki nyingi, wengine miezi, kiti kinawekwa kona, kazi imesimama, kidonda kikifika mfupa tunaongelea upasuaji, na wapo tunaowapoteza. Yote yameanzia kwenye mshono. Na ukishavaa vizuri bado unainama mbele au pembeni kupunguza mgandamizo kila dakika 15 hadi 30, nguo nzuri haifuti zoezi hilo.

Kina mama, dera na baibui ni nzuri maana zinaingia juu kirahisi, ila pindo linanasa kwenye magurudumu, likunje ulikalishe mapajani. Kanga ifungwe juu ya mapaja, fundo lisiwe nyuma wala ubavuni unapoegemea. Sidiria ya kufungia mbele.

Fundi cherehani wa mtaani kwako anaweza kazi hii, mwambie tu: kiuno cha lastiki, nyuma ipande juu na mbele ishuke, mifuko ya nyuma itolewe, mshono wa makalio ulazwe, zipu ndefu ubavuni mwa mguu ili mfuko wa mkojo umwagwe bila kuvua.

Wenye jeraha kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kichwa kikianza ghafla kuuma kwa kugonga na jasho likatoka usoni na shingoni, hiyo ni dharura, presha inapanda na inaweza kuleta kiharusi. Mkalishe wima, msimlaze. Legezeni mkanda, soksi, viatu, sidiria, kamba ya mfuko wa mkojo, angalieni mpira haujakunjwa wala kuziba. Isipotulia nendeni hospitali hapo hapo na mumweleze muuguzi presha yake ya kawaida, kwa sababu aliyezoea namba ya juu 90 akisomwa 130 wengi wataona yuko sawa, na hayuko sawa.

Mkija kliniki kwa mafunzo ya kuvaa, njooni na kadi, karatasi ya rufaa, mto wa kiti chake, na nguo anazovaa kweli nyumbani: suruali mbili au dera, soksi, viatu. Mtu anakuja amejifunga shuka na hana nguo hata moja, hapo tunapanga tarehe nyingine tu. Ukikosa tarehe bila taarifa jina linarudi mwisho wa orodha, siyo kumkomoa mtu, nafasi ni chache na mafunzo yanahitaji saa nzima kwa mtu mmoja. Anayemvalisha nyumbani aje naye, atakaa kwenye benchi pale dirishani na mikono yake mapajani mpaka suruali ipande.