Je, wajua kwa nini mtoto anayeonewa kila mahali huumia zaidi?

Watoto wawili wa rika moja wamepigwa na wenzao shuleni. Mmoja analia, anasimulia nyumbani, na baada ya siku kadhaa anacheza tena. Mwenzake anaweweseka usiku, chakula hakipiti, mlango ukibamizwa anaruka. Kipigo ni kilekile. Ila huyu wa pili akitoka shuleni anarudi kwenye nyumba ambamo baba anampiga mama, na juzi tu kaporwa njiani.

Mwaka 2007 David Finkelhor na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto 2,030 wa miaka 2 hadi 17. Waliulizia dhuluma za kila namna: kupigwa, kuibiwa, kudhalilishwa kingono, kushuhudia ukatili. Asilimia 22 walikuwa wamepatwa na aina 4 au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Hao walikuwa na dalili nyingi za kiwewe, kuwazidi hata waliotendewa jambo lilelile tena na tena.

Kwa nini iwe hivyo? Mwili ukihisi hatari humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, kemikali za kuuandaa kupigana au kukimbia, moyo ukaenda mbio, misuli ikakaza. Hatari ikipita, hutulia. Anayeonewa shuleni tu hutulia akifika kwao. Anayeonewa shuleni, njiani na nyumbani atatulia wapi? Hukaa macho saa zote, na hali hiyo hula usingizi, umakini darasani, hata kinga ya mwili.

Kuna na lingine, na ndilo linaloniuma zaidi. Aliyeonewa na mtu mmoja anaweza kusema, “Yule ni mkorofi.” Waonezi wakiwa wengi, tena wasiojuana, mtoto huanza kuamini kuwa kasoro ni yake.

Ukubwani athari bado zipo. Utafiti wa daktari wa Marekani, Vincent Felitti, na wenzake, uliochapishwa 1998, uliwahoji watu wazima zaidi ya 9,500. Waliopitia aina 4 au zaidi za misukosuko utotoni walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia hata moja.

Shida ni kwamba mtoto hutanguliza lile jepesi kusemeka. Atakuambia kaibiwa kalamu. Mpe pole ya kalamu, kisha umuulize taratibu njiani kukoje, na usiku nyumbani kukoje, halafu unyamaze umsikilize.