Je, wajua kwa nini soksi hulowa ndani ya gambuti isiyo na tundu?

Masika yaliyopita nilimnunulia binti yangu gambuti za kijani. Siku ya tatu akarudi na soksi zimelowa chapachapa. Alikuwa akicheza kwenye madimbwi ya uani, maji yasiyofika hata kifundo cha mguu. Nikaamini papo hapo kwamba nimeuziwa buti bovu, nikazirudisha kwa muuzaji na maneno makali. Hakubishana. Alinipeleka kwa fundi baiskeli aliye mlango wa pili.

Fundi alifanya vilevile anavyotafuta pancha. Aliviringisha shingo ya buti kuelekea chini mpaka hewa ikabanwa na sehemu ya mguu ikavimba, kisha akalizamisha kwenye karai la maji. Buti lenye tundu hutoa mapovu kama tyubu. Tuliinama juu ya karai, tukasubiri. Povu halikutoka hata moja, si buti la kulia wala la kushoto.

Basi maji yalitoka wapi? Yalitoka mguuni mwa mtoto mwenyewe.

Wengi tunadhani mguu ukilowa ndani ya buti, lazima maji yameingia kutoka nje, na kwamba dawa ni kununua mpira mzito zaidi. Lakini nyayo, pamoja na viganja, ndizo sehemu za mwili ambako vitundu vya jasho vimesongamana kuliko kwingine kote. Hata ukikaa kitako umetulia, ngozi hutoa mvuke usioonekana kwa macho. Ukiwa na kandambili, mvuke huo huchukuliwa na hewa. Ukivaa kiatu cha turubai, sehemu yake hupenya na kutoka. Mpira haupitishi kitu. Ukuta uleule unaozuia tone la mvua lisiingie ndio unaozuia mvuke usitoke, na ukuta ukiwa mnene zaidi, hali ni ileile.

Funua sufuria ya wali unapokaribia kuiva, utazame chini ya mfuniko: umejaa matone. Hakuna aliyeumwagia maji. Mvuke umepanda, umegusa bati lililo baridi kuliko wenyewe, ukageuka maji. Au panda daladala iliyojaa siku ya mvua, madirisha yote yamefungwa. Vioo hufunga ukungu kwa ndani. Abiria anapangusa kwa kiganja ili aone kituo, na baada ya muda mfupi ukungu umerudi. Mvua haikupenya kioo. Ni pumzi na jasho la abiria vimekutana na kioo kilichopozwa na mvua. Gambuti ni daladala hiyo, na abiria wake ni vidole vitano.

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi huweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 15, huweza kubeba gramu 13 hivi tu. Zinazobaki lazima ziwe maji. Kwa hiyo asubuhi ya Lushoto au Tukuyu, mpira ukiwa umepoa, matone hujikusanya upesi kwenye kuta za buti. Dar es Salaam mpira haupoi kiasi hicho, kwa hiyo matone ya ukutani ni machache, ila joto lenyewe huongeza jasho, na jasho halina pa kwenda. Mguu wa mtu mmoja pia si kama wa mwingine.

Kujua kama ni tundu au jasho, angalia soksi. Maji ya dimbwi huja na tope na huanzia mahali pamoja. Jasho ni safi, vuguvugu, na limeenea kwenye unyayo na vidole. Kuna na njia ya tatu tunayoisahau: suruali iliyochomekwa ndani ya buti. Mvua ikiilowesha magotini, kitambaa hunyonya maji na kuyashusha ndani kama utambi wa koroboi. Suruali ya mvua ivaliwe nje ya buti.

Soksi ya pamba hunyonya jasho ikalishikilia kwenye ngozi. Ya sufu, ambayo ukichambua mitumba kwa subira utaipata, huweza kushika unyevu mwingi kabla mguu haujahisi kulowa, japo nayo ina kikomo. Saizi nayo ina maana. Nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino inatosha. Kumnunulia mtoto saizi mbili zaidi ili zimfae na mwakani kunafanya mguu uteleze ndani na kutoa malengelenge, na kwenye tope zito mguu hutoka, buti likabaki. Mwambie achuchumae dukani: shingo ya buti ikimchoma nyuma ya goti, ni ndefu mno kwake.

Kubwa kuliko yote ni kukausha, maana buti lililofungwa pande zote halikauki lenyewe usiku mmoja. Jioni ile nilichomoa soli za ndani, nikajaza magazeti yaliyofinyangwa, nikaziweka mbali na jiko kwa sababu moto huharibu mpira. Baada ya saa moja gazeti la kwanza lilitoka limelegea kama chapati iliyochovywa chai. Nikaweka jingine, kisha la tatu, hilo likatoka kavu. Siku hizi hulala zimegeuzwa mdomo chini juu ya vijiti viwili, na asubuhi kila buti hugongwa sakafuni kabla mtoto hajalivaa, kwa kuwa tandu na chura nao hutafuta giza lenye unyevu.