Fulana nayo ni ya kufuma: jinsi forodha inavyoainisha nguo za kike

Ukimuuliza mwagizaji kama nguo zake ni za kufuma, mara nyingi atakujibu hapana. Kichwani mwake nguo ya kufuma ni sweta. Fungua sasa katoni: fulana, taiti, blauzi laini za kuvutika. Zote hizo, kwa macho ya forodha, ni za kufuma.

Simlaumu sana. Kiswahili chetu hutumia neno hilo moja kwa mwenye sindano mbili na kwa mwenye mtambo wa mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazopishana. Mfumo wa HS, yaani mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa namba, ulioanza kutumika Januari 1988, huwatenganisha watu hao wawili. Nguo iliyoshikana kwa vitanzi huingia sura ya 61, na ya mtande na mshindio huingia sura ya 62. Kosa likianzia hapo, namba zote zinazofuata zitakuwa za bure.

Pa kutazama ni kwenye uzi wenyewe. Kioo cha kukuzia kinatosha, hata kamera ya simu ukiisogeza karibu. Nyuzi zikipishana juu na chini kama ukili wa mkeka, hiyo ni sura ya 62. Ukiona safu za vitanzi vidogo mfano wa herufi V zilizopandana, hiyo ni 61. Usijaribu kwa kuvuta tu. Jinzi ya strechi inavutika kwa sababu imetiwa spandeksi, lakini ni mtande na mshindio. Madera mengi ya viskosi nayo yanaanguka mwilini laini, na bado ni ya 62.

Ukishavuka hapo ndipo unauliza vazi ni la aina gani. Gauni, sketi na suruali za kike, taiti zikiwemo, zinakaa kifungu 6104 (tarakimu mbili za kwanza ndizo sura). Nguo za ndani na za kulalia ni 6108. Sidiria imejitenga: ni 6212 hata ikiwa ya vitanzi, na wengi hunasa hapo. Hijabu ya jezi, kitambaa laini cha vitanzi, ni 6117, lakini ya shifoni ya mtande na mshindio ni 6214.

Penye kazi hasa ni blauzi, kifungu 6106. Kifungu hiki hakipokei nguo yenye mfuko chini ya kiuno, wala yenye ukanda au kamba ya kubana pindo la chini. Hakipokei pia ya vitanzi vikubwa, yaani wastani wa chini ya vitanzi 10 kwa sentimita kila upande, vikihesabiwa kwenye eneo lisilopungua sentimita 10 kwa 10. Ndiyo, tunahesabu kweli, rula mkononi. Nguo iliyokataliwa hapo kwa kawaida huishia 6110, nyumbani kwa masweta. Fulana isiyo na kola wala vifungo ni 6109, awe mvaaji mwanamke au mwanamume. Ikitiwa kola na vifungo vya shingoni, ya kike inarudi 6106.

Kuhusu jinsia, tazama kwanza mkato. Usipoeleza lolote, tazama vifungo vya mbele: upande wa kulia ukilalia wa kushoto, ni ya kike. Isiyotambulika kabisa huhesabiwa ya kike.

Mwisho ni nyuzi, na hapa lebo ya ndani ina thamani kuliko maneno ya ankara. Blauzi ya pamba 55 na poliesta 45 kwa mia inafuata pamba, 6106.10. Zikilingana nusu kwa nusu, unachukuliwa uzi ambao sura yake wenyewe katika HS ina namba kubwa zaidi, hivyo poliesta inashinda: 6106.20.

Wapo wanaoniambia: tangu Julai 2022 nguo nyingi za sura zote mbili zina ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki wa asilimia 35, sasa namba inanihusu nini? Hoja ni nzuri, ila haitoshi. Kigezo cha uasili, yaani cha kuonyesha nguo imetengenezwa wapi, ili kupata nafuu ya ushuru ya kikanda hufuata namba. Viwango navyo vinaweza kubadilishwa kwa nchi moja moja kupitia Gazeti la Jumuiya. Halafu kuna wanaouza nje: blauzi hiyohiyo ikipelekwa Marekani, kiwango cha kawaida, kabla ya nafuu au nyongeza yoyote, ni asilimia 19.7 kwa pamba na 32 kwa nyuzi za kutengenezwa kama poliesta. Lebo tu ndiyo imefanya tofauti hiyo.

Kwa hiyo usimwachie wakala wa forodha neno moja la “nguo za kike” ukategemea atakisia. Mpe picha ya ndani na ya nje, lebo ya nyuzi, na kipande kimoja akishike. Ukibaki na shaka, omba uamuzi wa awali wa uainishaji kwa mamlaka ya mapato ya nchi yako, kwa maandishi na pamoja na sampuli, mzigo ukiwa bado kiwandani. Kontena likishafika bandarini, gharama za kuhifadhi huanza kuhesabiwa huku sisi tukihesabu vitanzi.