Ufafanuzi kwa Waandishi wa Safari Kuhusu Maarifa ya Jadi ya Jamii za Lamu

Vijana wa Kiaweer, wa Kibajuni na wa jamii nyingine ndogo za Lamu wanaoandika safari zao wanafanya kazi tunayoiunga mkono, kwa kuwa msitu wa Boni umesimuliwa mno na wageni kana kwamba hauna wenyewe. Hifadhi za Boni na Dodori zilipotangazwa mwaka 1976, Waaweer walikuwamo tayari, wakirina asali na kuwinda. Marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 ikaigeuza riziki yao kuwa kosa. Mwandishi aliyezaliwa Mangai au Basuba, vijiji vya Waaweer, huyaeleza haya akiwa mwenyeji, na ni vyema aendelee.

Tatizo ni hoja tunayoisikia kila mara, nayo haina msingi, kwamba mtu wa jamii haombi ruhusa kwao. Simulizi ya safari yako ni yako, na sheria ya hakimiliki ya Kenya huilinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Mzizi wa dawa ulioonyeshwa na mganga njiani ni jambo jingine: Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 huyahesabu maarifa hayo kuwa ya jamii, na ulinzi wake haukomi kwa kupita miaka.

Utaratibu ni huu. Jamii huelezwa mapema ni maarifa gani yatakayotumika, kwa kazi gani na kwa manufaa gani kwao. Ikiridhia, mapatano huandikwa. Kauli ya mzee mmoja barazani, hata awe babu yako mzaa mama, si ridhaa ya jamii. Atakayekiuka anaweza kudaiwa fidia na kushtakiwa, na adhabu ni pamoja na faini na kifungo. Hata pale sheria inaporuhusu kunukuu bila idhini, kama katika habari au uhakiki, jamii husika sharti itajwe.

Picha zinahitaji uangalifu zaidi, maana simu huweza kuhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa, na picha ya mti wa asali ikisambazwa hivyo humfikisha yeyote shinani. Zimeni huduma hiyo kabla ya kuingia msituni.

Waliokwisha kuchapisha wanaweza kuzungumza na jamii husika na kuandikiana mapatano kabla ya toleo la pili.