Joto la umeme linatoka wapi?

Umeme ukipita kwenye waya, elektroni zinajipenyeza katikati ya atomu za waya huo na kuzigonga njiani. Atomu zikigongwa zinatikisika zaidi, na mtikisiko huo ndio joto lenyewe. Jinsi waya unavyoupinga mkondo wa umeme usipite kwa urahisi huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Shaba ina ukinzani mdogo, ndiyo maana nyaya za ukutani ni za shaba. Nikromu, yaani mchanganyiko wa nikeli na kromu, ina ukinzani wa zaidi ya mara 60 ya ule wa shaba, tena haiharibiki upesi hata ikiwaka nyekundu. Koili za majiko na hita nyingi ni za nikromu au madini yanayofanana nayo.

Aliyeipata hesabu ya joto hilo ni James Prescott Joule wa Salford, Uingereza, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia. Alizamisha waya kwenye maji, akapitisha umeme na kupima maji yanavyopata joto. Mwaka 1841 akachapisha alichokiona: joto hutegemea ukinzani, muda, na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Hapo kwenye mkondo ndipo penye uzito. Mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ukiwa mara tatu, joto mara tisa.

Chukua birika la umeme la wati 2000 kwenye volti 230. Linavuta mkondo wa ampea 8.7 hivi, na koili yake ina omu 26. Lita moja na nusu ya maji inachemka kwa dakika nne na ushee, na yuniti inayoliwa haifiki hata robo. Mkondo uleule unapita pia kwenye waya wa ukutani, lakini meta 10 za waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi, zina omu 0.14 tu. Humo linazaliwa joto la wati 10 hivi, tena limetawanyika urefu wote. Ukigusa ukuta husikii kitu.

Sasa soketi ilegee. Pale plagi inapogusana vibaya pakizuka ukinzani wa omu moja tu, wati 70 na kitu zinarundikana mahali padogo kama ukucha, na huko ni kupita vyuma vingi vya kulehemu vya mafundi redio. Plastiki inageuka kahawia na kunuka. Breka haikatiki, kwa sababu mkondo haujazidi. Kwa breka, kila kitu ni salama. Fyuzi nayo haitasaidia hapo, kwani waya wake mwembamba umewekwa uyeyuke pale tu mkondo unapozidi kiwango.

Matumizi mengine unayajua: pasi, oveni, mashine ya kukaushia nywele. Balbu ya zamani ya tungsteni inastahili kutajwa peke yake, maana sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto, mwanga ni kidogo tu. Sebuleni huo ni upotevu. Kwenye banda la vifaranga ndiyo kazi yenyewe.

Kuna jambo moja linalochanganya wengi. Ukinzani ukiwa mkubwa joto huzidi, lakini hiyo ni pale mkondo unapobaki uleule. Nyumbani kinachobaki kilekile ni volti, kwa hiyo ukinzani ukipungua, mkondo unapanda na joto linapanda nao. Jiko la koili ya wazi linaonyesha hili vizuri. Koili ikikatika, watu huvuta ncha mbili na kuzisokota pamoja. Imekuwa fupi, ukinzani umepungua, inawaka kuliko mwanzo na mwenye jiko anaona limepona. Kumbe koili sasa inabeba mkondo kuliko iliotengenezewa, na pale iliposokotwa hapashikani sawasawa, kwa hiyo panapata moto zaidi ya kwingine. Mara nyingi inakatika tena hapohapo.