"Exhausted" haihitaji "very"

Jana nimesahihisha tafsiri nyingine. Sentensi ya Kiswahili ilisema mama aliyekesha na mgonjwa alikuwa hoi. Mwanafunzi akaandika "very exhausted". Kila ninayemuuliza ana jibu lilelile: mwalimu, kamusi inasema "exhausted" ni kuchoka sana. Sasa kama "sana" imo ndani ya neno tayari, "very" ya nini tena?

Tena hata hiyo "kuchoka sana" inapunguza maana. Neno limetoka kwenye Kilatini, "haurire", yaani kuchota maji. Likitanguliwa na "ex" ni kuchota mpaka yaishe. Ndiyo maana bomba la kutolea moshi kwenye gari ni ekzosi. Ndiyo maana pia Mwingereza husema "we have exhausted our savings", na hapo hakuna aliyechoka, akiba ndiyo iliyokwisha. Mtu aliye "exhausted" ni kisima kilichokauka, na kisima hakikauki sana, kinakauka kabisa.

Hiyo "kabisa" ndiyo ninayotaka uishike. Kiswahili chetu kina mpaka uleule: tunasema "nimechoka sana", lakini mtu akiwa hoi, yu hoi kabisa, hoi bin taabani. Kiingereza nacho kinaipa "tired" neno "very", na "exhausted" kinaipa "completely", "absolutely" au "utterly". "Really" inakaa kotekote. Na tafadhali, "a bit exhausted" iacheni. Aliyechoka kidogo ni "a bit tired", basi.

Ila nisiwafiche: kanuni hii inavuja. Wenye lugha yao husema "so exhausted" kila siku wala hakuna anayeshtuka, ilhali "so" na "very" kazi yao ni karibu moja. Hata "very exhausted" huwatoka vinywani. Kwa hiyo kitabu kinachoiita kosa moja kwa moja nina mashaka nacho. Mimi katika maandishi naikata, kwa sababu inalidhoofisha neno badala ya kulipa nguvu. Katika mazungumzo simkatizi mtu.

Mengine ni ya haraka. Herufi "h" haitamkwi. "Exhausting" ni kile kinachochosha, kwa hiyo ukisema "I am exhausting" umesema unawachosha wenzako. "Exhaustive list" si orodha ya kuchosha, ni orodha isiyobakiza kitu. Kisima ni kilekile. Na "knackered", neno la mtaani huko Uingereza lenye maana ileile ya kuwa hoi, usiliandike kwenye barua ya kuomba kazi: "knacker" alikuwa mnunuzi wa farasi waliochakaa, wa kwenda kuchinjwa.

Ile sentensi ya jana nilifuta neno moja tu. Ikabaki "She was exhausted", na mama akawa hoi kama alivyokuwa kwenye Kiswahili.